Feni haizunguki, nani ameipima?

Panda gari dogo la abiria hapa Kalemie, la Kijapani, lililoshushwa melini kutoka Kigoma au lililozunguka kwa barabara ya Lubumbashi na Pweto, halafu tazama chini ya usukani, karibu na goti la dereva. Mara nyingi utaona swichi nyeupe ya taa ya nyumbani, ile ya kuwashia balbu sebuleni, imebanwa kwa skrubu au imening'inia kwenye waya. Gari likianza kupanda kilima, au likikwama nyuma ya lori njia ya sokoni, mkono wa dereva unateremka, swichi inabonyezwa, na huko mbele feni inaanza kuvuma. Akifika tambarare anaizima. Abiria hawaulizi kitu, wameshazoea.

Swichi hiyo haikutoka Japani. Siku moja feni ya rejeta, vantilateri kama wasemavyo vijana wa garaji, iligoma kuwaka yenyewe. Gari likachemsha. Fundi akaitwa, akavuta waya kutoka betri hadi kwenye mota ya feni, akapachika swichi katikati, feni ikazunguka, akalipwa, akaondoka. Wenyewe huita direkti. Feni iligoma kwa nini? Hakuna aliyejua siku ile, na hakuna anayejua leo.

Msimamo wangu nautaja mapema. Fundi wa direkti si mjinga wala si mwizi. Anauza kile ambacho sisi wateja tunakubali kununua. Tunalipia spea tunayoweza kuishika mkononi, tunalipia mikono iliyojaa grisi. Lakini nusu saa ya mtu kuinama na taa ya kupimia, akifuatilia umeme umeishia wapi, hiyo tunaihesabu kuwa ni wema wake tu, haina bei. Ndiyo maana magari yetu yanabadilishwa vifaa bila kupimwa, na nyumba zinazoishi kwa gari moja zinafilisika kwa hitilafu ambayo ingejulikana kabla chai haijapoa.

Gari linalotegemea kumbukumbu

Nikiri kwanza kwamba direkti imeokoa watu. Ukichemsha katikati ya njia ya Nyunzu, jua linashuka, duka la spea hakuna na simu haishiki, mtu anayejua kuvuta waya kutoka betri ni wa kushukuriwa. Ubaya unaanza pale dawa ya njiani inapogeuka kuwa hali ya kudumu ya gari.

Feni hiyo ilitengenezwa isimtegemee mtu. Kwenye Toyota nyingi za miaka ya tisini, swichi ya joto iliyozama ndani ya maji huiamuru feni iwake maji yakifika nyuzi 93 hivi, na kuizima yakishapoa. Kwenye zile za baadaye kompyuta husoma sensa na kuamua. Dereva anaweza kuwa na njaa, kugombana na polisi au kupata habari ya msiba, feni yenyewe haijali. Ukiinyang'anya kazi hiyo na kumpa mwanadamu, umelifanya gari liishi kwa kumbukumbu, na kumbukumbu haiandikwi kwenye karatasi za gari. Mwenye gari anamwazima shemeji. Dereva wa asubuhi anamkabidhi wa jioni. Gari linauzwa, linahamia Moba, na mnunuzi anadhani swichi nyeupe ni ya taa ya ndani iliyokufa zamani. Nani atamwambia?

Wapo waliochoka kukumbuka, wakaiacha feni izunguke kutwa nzima. Ni salama zaidi, wanasema. Tuhesabu basi. Feni ya gari dogo hula wati 150 hadi 200 hivi. Kwa betri ya volti 12, hizo ni ampea 12 hadi 17, mfululizo, asubuhi mpaka usiku. Kaboni za mota zinaliwa, alteneta inaidai injini mafuta zaidi, na siku dereva anapolaza gari bila kuizima, anaamka betri imekufa. Na ile swichi yenyewe? Balbu ya wati 100 kwa umeme wa nyumbani wa volti 220 haifikishi hata nusu ampea. Kwenye gari tumeitwisha mzigo wa zaidi ya mara ishirini na tano, kupitia waya mwembamba usio na fyuzi, uliopenyezwa kwenye tundu la bati lenye makali. Plastiki ikianza kunuka, dereva anafungua kioo.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa kwetu hawalipi uzito. Gari likienda kilomita 80 kwa saa kwenye lami, upepo peke yake unatosha kupoza rejeta na feni hulala. Mwendo ukishuka ndipo feni hubeba kazi yote. Sasa nani kati yetu anakwenda 80? Njia ya Bendera, njia ya Moba, hata vilima vya humu mjini, ni gia ya kwanza na ya pili, mashimo wakati wa kiangazi, matope kuanzia Oktoba hadi Mei. Kifaa ambacho kwa dereva wa Brussels hufanya kazi ya akiba, kwetu kinafanya kazi karibu safari nzima. Sisi ndio tungepaswa kuwa hodari wa kukipima kuliko wao.

Nusu saa ya maswali

Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na gari linajibu ukiliuliza kwa mpangilio. Fundi mwenye subira haanzi na feni. Anaanza na maji, gari likiwa limepoa, maana kifuniko cha rejeta hakifunguliwi kingali cha moto. Je, maji yamo? Sensa inasoma maji, haisomi chuma. Yakipungua hadi ncha yake ikabaki hewani, inaweza kupeleka habari ya uongo kwamba kila kitu ni shwari, na feni ikatulia huku injini inaungua. Mwenye gari anaiona feni imesimama, anaihukumu. Anayeijua kazi anauliza maji yamekwenda wapi: bomba limepasuka, pampu inavuja, au gasketi imeanza kuyapitisha?

Halafu thamostati, kile kilango kidogo chenye nta kinachoanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi ili maji ya injini yaende kwenye rejeta. Kikikwama kimefungwa, injini inachemka na rejeta iko baridi. Na kama swichi ya joto imefungwa chini ya rejeta, itasubiri joto ambalo haliji. Feni haitawaka, wala haina kosa. Sogeza kiganja karibu na bomba la juu, kisha la chini. Moja likiwa la moto na jingine baridi kabisa, umepata fununu kubwa bila kutoa faranga. Wengi hapa wana tiba yao: wanaing'oa thamostati na kuitupa. Injini sasa inachelewa kufikia joto lake, inakunywa mafuta kuliko kawaida, na mwenye gari anailaumu esansi ya chupani.

Maji yakiwa sawa ndipo tunaingia kwenye umeme. Washa injini, washa kiyoyozi kama kinafanya kazi. Kwenye magari mengi kiyoyozi huiita feni hata maji yakiwa bado ya baridi. Ikizunguka, mota ni nzima na njia ya umeme mkubwa ni nzima, kwa hiyo mshukiwa yuko upande wa sensa. (Gari lenye feni mbili hudanganya hapa, hakikisha unatazama ile iliyogoma.) Isipozunguka, chomoa soketi ya mota na uipe mota umeme wa betri kwa waya wenye fyuzi, sekunde chache, vidole vikiwa mbali. Ni direkti ile ile, ila safari hii unaitumia kuuliza. Mota ikizunguka, iache, rudi nyuma kwenye fyuzi na rilei. Ikikaa kimya, igonge kidogo kwa mpini wa bisibisi. Ikishtuka na kuanza kuzunguka, kaboni zake zimekwisha, na kaboni hubadilishwa bila kununua feni nzima.

Fyuzi haipimwi kwa macho. Inaweza kuwa na ufa mwembamba usioonekana, au miguu yake imeungua ndani ya kisanduku. Taa ya kupimia inagusishwa pande zote mbili, ufunguo ukiwa umewashwa, na balbu ya indiketa yenye waya mbili inatosha kuwa taa hiyo. Rilei nayo ni rahisi zaidi: mara nyingi kwenye kisanduku hicho hicho kuna pacha wake, ya honi kwa mfano. Zibadilishe nafasi. Feni ikiwaka na honi ikawa bubu, mkosaji amejitaja mwenyewe. Waya wa ethi, ule unaofungwa kwenye bodi, ndio ninaouona umesahauliwa kuliko vyote. Tope la miezi minane limeula kwa kutu chini ya boliti, umeme unakuja vizuri lakini hauna pa kurudia.

Sensa nimeiacha mwisho makusudi, kwa kuwa hapo ndipo mazoea humwangusha fundi. Kwenye Toyota nyingi za zamani, swichi ya joto ikiwa baridi huwa imeunganisha mkondo. Ukichomoa soketi yake ufunguo ukiwa umewashwa, feni inapaswa kuwaka. Kwenye Volkswagen na Peugeot nyingi za umri huo mambo ni kinyume: ukichomoa hakitokei kitu, mpaka uunganishe ncha mbili za waya ndipo feni iitike. Fundi aliyekulia kwenye magari ya Ulaya akiziunganisha ncha za Toyota atapata kimya, maana ameiambia kwamba maji bado ni baridi. Ataapa mota imekufa. Wewe utanunua mota ya okazioni, itafungwa, nayo itakaa kimya vile vile. Pesa imekwenda, kosa liko palepale, na kwa kuwa watu wana aibu ya kurudi nyuma, inayofuata ni swichi nyeupe.

Wenye Land Cruiser za dizeli, zile za miradi na za misheni, watasema haya hayawahusu. Ni kweli feni yao huzungushwa na mkanda wa injini, haina fyuzi wala rilei. Ina klachi yenye mafuta ya silikoni, ambayo ikichoka huiacha feni iteleze bila nguvu. Injini ikiwa imezimwa na ingali ya moto, izungushe kwa mkono: ikienda huru bila kukataa hata kidogo, klachi imekwisha.

Maji ya bure ya ziwa

Huku kwetu uhusiano wa mashine na maji una historia ndefu. Mwaka 1915 Waingereza walileta boti mbili za vita, Mimi na Toutou, hadi hapa ambapo Lukuga inatoka ziwani. Kutoka Fungurume zilikokotwa kwa mashine za mvuke kupitia milima ya Mitumba, kabla ya kupanda treni na kushuka Lualaba. Mashine zile zilikunywa maji kuliko yaliyopatikana njiani, na wanawake wa vijijini wakabebeshwa maji vichwani ili maboila yasikauke. Zaidi ya miaka mia imepita. Gari likichemka leo kwenye kilima, abiria wanashuka, kidumu cha njano kinatafutwa, na wa kutumwa mtoni ni nani? Ni mama wa kijiji kile, au binti yake aliyekuwa anarudi shule.

Maji yenyewe yana tabia zake. Ziwa letu liko karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yaliyo wazi huchemka hapa kwenye nyuzi 97 hivi, hayasubiri 100. Ukipanda milima ya Marungu nyuma ya Moba, ambako kuna sehemu zinazopita mita 2,000, ni nyuzi 93 tu. Kumbuka feni inapoamriwa kuwaka: hapo hapo. Kinachotuokoa ni kifuniko cha rejeta. Springi yake ikiwa nzima hubana maji yasichemke mpaka yapite nyuzi 115. Springi ikichoka, au fundi akiweka kifuniko cha gari jingine kwa sababu kimeingia, maji yanachemka na kumwagika kabla feni haijapata amri. Mvuke unapanda, kila mtu ananyoosha kidole kwa feni. Kumbe ni kifuniko, kitu cha bei ndogo kuliko karibu vyote nilivyovitaja.

Maji ya Tanganyika pia ni ya alkali, pH yake inakaribia 9, na yana magnesi nyingi. Samaki wanayapenda. Rejeta ya aluminiamu haiyapendi hata kidogo, yanaila taratibu na kuacha magamba ndani. Magamba hayo hufunika hata ncha ya sensa, ikasoma joto kwa kuchelewa, na feni ikachelewa nayo. Kwa hiyo yule anayejaza rejeta ziwani kila jioni kwa kuwa ni bure, halafu anashangaa feni inachelewa kuwaka, anavuna alichomimina. Kulanti ikikosekana, maji safi ya mvua yaliyokingwa vizuri ni afadhali, na mvua hatujanyimwa.

Maabara tunalipa, garaji hatulipi

Tazama tunavyofanya mtoto akipata homa. Zamani ilikuwa kwinini moja kwa moja, homa yoyote ni malaria. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilielekeza kwamba mgonjwa yeyote anayeshukiwa apimwe damu kabla ya dawa, na polepole tumekubali. Tunalipa fishi, tunalipa maabara, ndipo tunafika kwenye dawa. Jibu likirudi kwamba hana malaria, je, kuna mzazi anayerudi dirishani kudai pesa ya maabara? Hakuna. Amenunua kujua, na amejua.

Garaji hatuko hivyo. Muulize fundi kwa nini hakupima, atakurudishia swali: nikikuambia ni fyuzi tu, utanilipa nini? Ana haki. Amepoteza nusu saa, ametumia ujuzi wa miaka, na mteja anamtupia pesa ya fyuzi na neno la asante. Akibadilisha mota nzima, hata kama haikuwa na kosa, analipwa kazi na pengine anabaki na mota ya zamani aiuze. Ungekuwa wewe, watoto wanasubiri bugali nyumbani, ungechagua lipi? Na kijana anayejifunza hapo pembeni hujifunza kile anachokiona kikilipwa. Miaka michache mbele atafungua garaji yake, na hatakuwa amewahi kumwona mtu akipima.

Najua watakaosema watu hawana pesa za kulipia maswali. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Gari likichemka vya kutosha, kichwa cha injini cha aluminiamu kinapinda na gasketi inapasuka. Kinatakiwa kusawazishwa kwa mashine ambayo si kila garaji inayo, kinapakiwa kwenda mbali, na gari linakaa juu ya mawe wiki baada ya wiki. Dereva anayeleta makusanyo kila jioni anakaa nyumbani. Mwenye gari, ambaye mara nyingi ni mwalimu au mjane aliyewekeza akiba yote humo, anaanza kukopa ada ya shule. Mama aliyepakia ndagala wabichi siku ile gari lilipokufa ndiye anayepata hasara ya kwanza, na wala hakuwahi kuijua hiyo feni. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeulizwa kama angekubali kuchangia taa ya kupimia.

Ninachopendekeza hakihitaji amri ya gavana wala kikao cha mkoa. Kabla boneti haijafunguliwa, elewana na fundi bei ya kupima peke yake, mbali na spea na mbali na kazi ya kufunga. Mwambie: fundi, nitakulipa unieleze kosa liko wapi, hata kama dawa yake ni ya bure. Akimaliza, akuonyeshe: hapa umeme upo, hapa haupo, hii ikichomolewa feni inawaka. Yaandikwe kwenye karatasi ikae garini, ili dereva wa jioni na mnunuzi wa Moba nao wayakute. Wenye magari wawili au watatu wakianza, fundi mwenye subira atapata wateja na yule wa direkti atalazimika kununua taa ya kupimia. Na fundi akikuambia amepima kila kitu, hakuna kilichokufa, ila maji yalikuwa yamepungua, mlipe pesa ile ile mliyoelewana.